Kati ya Ishirini na Nne na Tisini na Sita

Nilishuka kwenye garimoshi pale Malaba mchana wa jua kali nikiwa nimevaa suti ya sufu, tai, na koti refu la baridi juu yake, na sikuvua hata kimoja mpaka nilipofika Busia. Wengine hurudi kutoka Ulaya na masanduku matano. Mimi nilirudi na sanduku moja la bati, lilelile nililoondoka nalo, na bomba la karatasi ngumu ambalo nililishika mkononi safari nzima hata wakati wa kula. Ndani ya bomba hilo mlikuwa na diploma yangu ya takwimu. Katika wilaya yote ya Busia, miaka ile ya sabini, hapakuwa na nyingine. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu niliulizia.

Sikusomeshwa na mjomba wala na misheni. Niliosha sahani za Waingereza miaka minne, mkono mmoja kwenye maji ya moto na mwingine, kwa namna ya kusema, kwenye kitabu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba najivuna, humwambia akaoshe sahani kwanza, halafu tuzungumze.

Serikali ilinipa meza, kiti, baiskeli, na kazi ya kukadiria malori yanayovuka mpaka Malaba kila mwezi. Karani aliyenitangulia alikuwa akikaa kando ya barabara kutwa nzima akichora vijistari kwenye daftari, na baada ya chakula cha mchana alikuwa akilala, na malori ya alasiri yakipita bila kijistari. Mimi nilifanya kisomi. Nilipiga kura ya saa, nikaenda Malaba kwa zile saa zilizoangukiwa na kura tu, nikahesabu kwa makini, na mwisho wa mwezi nikaandika kwamba malori yaliyopita ni kati ya idadi fulani na idadi fulani, kwa uhakika wa asilimia tisini na tano.

Mkubwa wangu aliisoma ripoti ile mara mbili.

“Kijana,” akasema, “kwa nini serikali impe kazi mtu ambaye hajui?”

“Bwana,” nikamjibu, “yule karani wa zamani pia alikuwa hajui, ila yeye hakujua kwamba hajui. Mimi najua kwamba sijui, na najua ni kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo diploma.”

Jibu hilo lilisambaa. Lilifika mpaka kwa mataniboi, wale utingo wa malori pale Malaba, na tangu siku hiyo kila nilipotokea na baiskeli yangu walikuwa wakining'inia kwenye turubai na kupiga kelele: “Boss Kati-Ya! Leo umekula kati ya chapati ngapi na ngapi?” Niliwapungia mkono. Mtu mashuhuri lazima avumilie.

Aliyepiga chapa ripoti ile ndiye aliyekuja kuwa mke wangu. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi yetu, msichana mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na alikuwa mtu wa kwanza Busia kuisoma diploma yangu mpaka chini kabisa, hata yale maandishi madogo ya mpiga chapa. Mtu wa namna hiyo humwachi. Kwao kulikuwa kilimani, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli ukishapita Funyula. Nikatuma wazee wangu wakapeleke posa. Wakapokelewa vizuri, wakala, wakarudi wakicheka.

Tangu siku hiyo mama yake akawa mama mkwe wangu, na nchini kwetu jambo hilo si dogo. Mama mkwe humtazami usoni. Huingii uani kwake. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia kichakani, na mimi nimeingia kichakani mara nyingi, na baiskeli ya serikali nikaingia nayo. Tena si yeye peke yake. Dada zake ni mama wakwe. Wake wenzake ni mama wakwe. Wake za shemeji zake ni mama wakwe vilevile. Shika hilo, maana ndilo litakaloniangusha.

Baba yake msichana alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Kamati ilikuwapo. Shule ndiyo haikuwapo. Watoto wa kilima kile walikuwa wakivuka mto kwa gogo kwenda shule ya upande wa pili, na mvua za masika zikifika gogo linaondoka na maji na watoto wanakaa nyumbani hata mwezi mzima. Mwaka uliotangulia mjukuu wa mzee huyo, msichana mdogo, alichukuliwa na maji mpaka kwenye matete, akavutwa nywele akatoka hai. Tangu hapo akina mama wengi walikataa kabisa kuwapeleka wadogo wao. Serikali ilikuwa imeshaondoa karo kwa madarasa ya chini, na watoto wa kilima kile walikuwa nyumbani wakichunga mbuzi.

Ofisa wa elimu alikuwa amesema wazi: atafungua shule kilimani ikiwa kuna watoto wasiopungua mia moja walio tayari kuanza. Tisini na tisa, hapana. Na mtoto aliye tayari kila mtu alimjua: ni yule ambaye akipitisha mkono juu ya kichwa, vidole vinagusa sikio la upande wa pili.

Sasa, kwetu watoto hawahesabiwi. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi atakuambia, “Wapo.” Ukiendelea atakuambia, “Mungu anawajua.” Ukiendelea tena atachukua jembe. Kumtajia mtu idadi ya watoto wako ni kama kumwita kifo aje achague. Kwa hiyo kamati ilikuwa imekwama. Mia moja ilitakiwa, na hakuna mdomo uliokuwa tayari kuitamka.

Mzee akaniita kanisani baada ya ibada, mbele ya kamati yote.

“Mkwe,” akasema, “tunasikia huko Ulaya ulisomea kuhesabu.”

“Nilisomea kutohesabu, mzee,” nikasema. “Kuhesabu hata mtoto wa darasa la pili anaweza.”

Wakatazamana. Nikasimama, nikafungua vifungo vya koti, nikawaeleza. Nilitumia tenga, lile la fito tunalomfunikia kuku na vifaranga vyake, kwa sababu mwalimu mzuri hutumia vitu vya nyumbani.

“Chukueni kwamba idadi ya kweli ya watoto ni kuku,” nikasema. “Amekaa mahali pamoja, hatembei. Tatizo ni kwamba mimi nimefungwa macho. Sasa natembelea maboma machache tu yaliyochaguliwa kwa kura, na yale machache yananiambia kuku yuko upande gani hivi. Hapo natupa tenga. Nikitupa namna hii mara mia, mara tisini na tano kuku atakuwa ndani.”

“Na zile mara tano?” akauliza mweka hazina.

“Zile mara tano nimefunika udongo.”

“Na leo ukitupa mara moja,” mzee akasema taratibu, “utajuaje kama ni katika zile tisini na tano au katika zile tano?”

“Sitajua.”

“Hata na diploma?”

“Diploma ndiyo inayonifanya nikiri, mzee.”

Mzee mmoja wa nyuma akasema, “Si utengeneze tenga kubwa sana, ufunike kilima chote?”

“Inawezekana,” nikasema. “Nitawaambia watoto wapo kati ya sifuri na watoto wote wa Kenya. Uhakika kamili. Mtampelekea ofisa wa elimu?”

Wakacheka, na nikaona nimewashika. Mzee hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli.

“Ofisa anakuja Alhamisi ya wiki ijayo,” akasema. “Hesabu yako ikituletea shule, yale mambo mengine yetu na yenu tutayamaliza bila kelele. Isipotuletea...” Akaipapasa kengele ya baiskeli yangu, akaipiga mara moja, akarudi zake.

Kilimani kulikuwa na maboma sitini. Niliyaandika yote sitini kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kofia yangu ya Ulaya, nikamwomba katekista afumbe macho atoe kumi na viwili. Kura safi. Huko nilikosoma wangenipigia makofi.

Nikaanza kuzunguka. Nilikuwa siulizi watoto wangapi. Nilikuwa naketi, napewa uji, nasifu mbuzi, na huku macho yangu yanafanya kazi. Maboma saba yalikwenda vizuri. Boma la nane kwenye orodha lilikuwa la baba wa mchumba wangu.

Nilisimama kwenye njia ya kuingilia kwa muda. Nilimsikia mama mkwe akitwanga. Mtu mstaarabu angefanya nini? Nikageuza baiskeli. La tisa lilikuwa la mdogo wake mama mkwe. Nikageuza baiskeli. La kumi, mke wa shemeji yake. La kumi na moja, mke wa shemeji mwingine. La kumi na mbili, binamu yake, ambaye kwa kweli sina hakika kama anahesabiwa, lakini nilishazoea kugeuza baiskeli.

Maboma matano yakabaki wazi kwenye orodha. Nikayajaza na mengine matano ambayo ningeweza kuingia bila kumwaibisha mtu: kwa mhunzi ambaye hajaoa, kwa katekista mjane, kwa wazee wawili ndugu waliokaa pamoja wakigombana, kwa fundi wa viatu kutoka Marachi aliyekuwa na mtoto mmoja, na kwa bibi kizee kiziwi aliyenipa ndizi. Kwa mhunzi niliuliza kama kuna watoto wa kwenda shule.

“Mtoto wa hapa ni mimi,” mhunzi akasema, akapitisha mkono juu ya kichwa. “Nagusa. Niandike.”

Sikumwandika. Mimi ni mtaalamu.

Nikarudi Busia, nikafungua rula yangu ya kuteleza, ile ya kuzidishia na kugawanyia, nikafanya hesabu mara tatu. Maboma kumi na mawili, watoto kumi na wawili. Wastani mmoja kwa boma. Maboma sitini, watoto sitini. Tenga: kati ya ishirini na nne na tisini na sita.

Nilifurahi sana. Sikufurahia watoto kuwa wachache, la. Nilifurahi kwa sababu kazi ilitoka safi, na ncha ya juu ya tenga ilikuwa chini ya mia. Tenga linalosema jambo! Si kila mkadiriaji anabahatika. Jumapili nikapanda kilimani na suruali yangu mpya ya bugaluu iliyopigwa pasi, nikasimama mbele ya kanisa zima, nikatangaza.

Mweka hazina akafunga daftari lake.

“Rudia,” mzee akasema.

“Kati ya ishirini na nne na tisini na sita. Kwa uhakika wa asilimia tisini na tano, mia haifiki.”

“Umetoka Ulaya kuja kutuambia tuna watoto ishirini na nne?”

“Kati ya ishirini na nne na...”

“Mimi!” mzee akasimama. “Mimi kwangu tu, pale nyumbani peke yake, kuna...” Akaziba mdomo ghafla kwa kiganja. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama umemwokoa na gari. Kila mtu kanisani alimwelewa. Kila baba alijua nimekosea, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kunithibitishia, kwa sababu angehitaji kutaja namba. Upande wa wanawake ukaanza kunguruma. Mahali fulani huko nyuma, ambako sikuweza kutazama, sauti moja ilikohoa kikohozi kirefu cha dharau, na nilijua ni ya nani.

“Binti yangu,” mzee akasema alipoutoa mkono, “hataolewa na mtu anayezamisha wajukuu wangu kwa kalamu. Alhamisi huyo ofisa akisikia hesabu yako na kugeuza gari, wewe pia geuza.”

Jumatatu nilimpelekea mchumba wangu barua ya ofisi apige chapa.

“Mashine imeharibika,” akasema.

“Lakini naisikia ikilia tangu asubuhi.”

“Imeharibika kati ya herufi ya kwanza na ya mwisho,” akasema, akaendelea kuipigia barua ya mtu mwingine.

Saa sita akaja shangazi yake. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa akipeleka na kurudisha maneno ya posa, mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Busia, na aliingia ofisini kwangu na harufu ya omena bila kubisha hodi.

“Wewe mtoto wa watu,” akasema, “niambie. Ulikwenda kwa nani na kwa nani?”

Nikamtajia. Nilipofika kwa mhunzi akaanza kutikisika. Nilipofika kwa bibi kizee kiziwi akashika meza.

“Na kwetu mbona hukufika?”

“Shangazi, ningefikaje? Kuna mama.”

“Na kwa mdogo wake?”

“Mama.”

“Na kwa wake za kaka zangu?”

“Mama, shangazi. Wote ni mama.”

Aliketi kwenye kiti changu, kiti cha serikali, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Yaani umezunguka kilima kizima ukiruka kila nyumba yenye mwanamke anayezaa! Halafu unashangaa hukuona watoto!”

Hapo, ndugu msomaji, niliiweka kalamu chini. Kwa sababu alikuwa amesema kwa maneno kumi kile ambacho mwalimu wangu wa Ulaya alikisema kwa muhula mzima. Ukipiga kura, kura ndiyo bwana. Ukianza kubadilisha boma moja kwa sababu zako, hata sababu za heshima, kura si kura tena, na tenga lako unalitupa mahali ambapo ulishaamua kuku hayupo. Kosa lenyewe lilikuwa la kitaalamu. Mtu asiye na diploma hangeweza kulifanya. Karani wa vijistari angeingia tu kwa mama mkwe na daftari lake.

“Nifanye nini?” nikauliza.

“Panda baiskeli,” shangazi akasema. “Mimi nitakaa nyuma.”

Sitaeleza safari ile. Shangazi hakuwa mwanamke mwepesi, na kile kilima si tambarare.

Tulipofika, shangazi aliniketisha nje ya ua wa michongoma, kwenye kigoda, mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Mama mkwe akaja upande wa ndani, naye akaketi na kunipa mgongo. Kati yetu kulikuwa na ua, na shangazi akasimama kwenye pengo kama askari wa mpaka. Niliweza kumsikia mama mkwe akipumua. Lakini adabu ni adabu. Maneno yalipita kwa shangazi.

“Mwambie,” akasema mama mkwe kwa sauti iliyofika Funyula, “tenga lake alilitupa mahali pasipo na kuku.”

“Anasema tenga lako ulilitupa mahali pasipo na kuku,” shangazi akaniambia.

“Mwambie mama nimekubali.”

“Amekubali.”

“Nimesikia. Mwulize sasa anataka nini.”

Nikaeleza kwamba nahitaji kujua, kwa yale maboma matano niliyoyaruka, watoto ambao mkono unagusa sikio. Siwezi kuingia nikatazama. Yeye hawezi kunitajia. Nikasema nitafikiria njia ya kisayansi.

Mama mkwe hakungoja sayansi. Nilisikia akiinuka, nikasikia kitu kikichotwa, kisha kikapu kidogo kikasukumwa chini ya michongoma mpaka pembeni mwa mguu wangu. Ndani mlikuwa na punje za mahindi.

“Mwambie hao si watoto,” akasema. “Hayo ni mahindi. Mahindi anaweza kuhesabu.”

Punje tano. Shangazi akazunguka kwenye yale maboma mengine, na kila mahali mama mmoja alitoa mahindi yake bila kusema neno: nne, tatu, mbili, tatu. Nadharia ni yangu. Sitamnyima mtu yeyote mahindi yake.

Nikafungua rula palepale kwenye kigoda. Yale maboma saba ya kwanza ya halali na haya matano: watoto ishirini na wanane. Maboma sitini, watoto mia moja na arobaini! Niliruka. Kisha nikapima tenga, nikaketi tena. Lilianzia tisini na tatu, likaishia mia moja themanini na saba.

Mzee alikuwa amefika, kofia mkononi. “Mia arobaini! Si umesema? Imepita!”

“Kadirio ni mia arobaini, mzee. Lakini tenga linaanzia tisini na tatu. Siwezi kumwambia ofisa kwa uhakika wangu kwamba mia imefika.”

“Na uhakika wako ukipungua kidogo?”

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa, maana jibu lake nilikuwa nalo kwenye rula. “Nikishuka kutoka tisini na tano mpaka tisini,” nikasema, “tenga linaanzia mia moja na mbili.”

“Basi shuka!” mzee akapiga kelele. “Nani alikuomba tisini na tano?”

Naweza kuandika kwamba sikusita. Ningekuwa mwongo. Kichwani nilimwona yule mpiga taipu wangu na vidole vyake. Niliona gogo likienda na maji. Asilimia tano tu zilikuwa zinanitenganisha na kila kitu nilichokitaka duniani, na hakuna mtu kilimani ambaye angejua. Niliishika rula mpaka ikapata joto.

“Mzee,” nikasema, “tenga nililichagua kabla ya kutupa. Nikilibadilisha baada ya kuona kuku amekaa wapi, huo ni wizi wa kuku tu.”

Mzee akageuka aondoke. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya michongoma.

“Mwulize, akipata mahindi ya nyumba nyingi zaidi, hilo tenga linakuwaje?”

“Anauliza ukipata mahindi ya...”

“Linapungua, shangazi. Kila boma likiongezeka, tenga linabana.”

“Mwulize, na akipata ya nyumba zote?”

Nikaiweka rula chini. “Halibaki tenga. Anabaki kuku.”

“Mwulize, basi, amekaa hapo anangoja nini?”

Nilijaribu kueleza kwamba nchi yetu ingekwama ikiwa kila swali lingejibiwa kwa kutembelea kila boma, na kwamba uzuri wa sampuli ni kupunguza kazi. Mama mkwe akasema niambiwe kwamba kazi yenyewe ni ya wanawake, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi nayo.

Jumatano wanawake wa kilima kile walipita kwenda kisimani, na kila mmoja alipopita kanisani alitia mahindi yake kwenye kibuyu kimoja. Hakuna aliyetaja namba. Hakuna aliyeita kifo. Shangazi alikaa mlangoni akitia fundo kwenye kamba kwa kila boma, hata yale yasiyo na punje, mpaka mafundo yakafika sitini. Mimi nilihesabu mahindi, na huo ndio wakati pekee katika maisha yangu ya kazi niliohesabu kila kitu. Yalikuwa mia moja thelathini na moja.

Ndani ya tenga! Tisini na tatu mpaka mia themanini na saba, na mia thelathini na moja amekaa pale katikati ametulia. Nilimwonyesha kila aliyekuwapo. Wengi walikuwa na haraka.

Alhamisi ofisa wa elimu akaja na gari lake, mtu mwembamba wa miwani, akatazama ndani ya kibuyu.

“Haya ni mahindi,” akasema.

“Kila punje ni mtoto, bwana,” mzee akasema.

“Na nitajuaje kwamba hamkumwaga nusu debe?”

Wanakamati wote wakageuka kunitazama. Nikavua kofia yangu ya Ulaya, nikatia ndani yake vile vikaratasi sitini. Nikamwambia ofisa: huna haja ya kukagua maboma sitini, toa vikaratasi vitatu kwa mkono wako mwenyewe, nenda ukaone kama watoto wanalingana na punje ambazo wenyewe watakuambia walitia. Akanitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa tangu nirudi nyumbani, akatumbukiza mkono.

La kwanza lilikuwa la baba mkwe wangu. Nilibaki njiani. Ofisa aliingia uani kwa raha zake, kwa kuwa yeye hakuwa mkwe wa mtu yeyote kilimani, na nikasikia watoto wakipangwa mstari, mikono ikipita juu ya vichwa, na mama mkwe akisema, “Gusa, gusa, usiinamishe kichwa!” Punje tano, masikio matano. La pili lililingana. Kwenye la tatu punje zilikuwa tatu na watoto walikuwa wanne.

“Hapa mmepunguza,” ofisa akasema.

Mama wa boma lile alitazama chini. “Punje moja iliniponyoka hapo uani,” akasema. “Kuku akaila.”

Aliogopa kutia nyingine badala yake, asije akamwitia kifo mtoto ambaye punje yake ilishaliwa. Yule mtoto wa nne hakuingia kwenye hesabu yoyote, na ndiye leo mrefu kuliko wote.

Ofisa alicheka mpaka miwani ikateleza. Akasema katika kazi yake amezoea kukuta wamezidisha. Waliopunguza hajapata kuwaona. Akaandika barua juu ya boneti ya gari. Shule ilifunguliwa baada ya mavuno, madarasa mawili ya udongo na moja la mabati, na mto ukabaki wa kuoga na kufua.

Ijumaa mashine ya taipu ya ofisi yetu ilikuwa imepona.

Tulioana mwaka huohuo. Shangazi alisimama kati yangu na mama mkwe kwenye arusi, mgongo kwa mgongo, akapokea neno la mwisho. “Anasema,” shangazi akaniambia, “mahindi anayo mengi, sasa ni zamu yako kumpa sababu ya kuyatoa.”

Nimejitahidi. Siku hizi, kwa kuwa mimi ni mtu mashuhuri, wageni hunitembelea Busia na baada ya chai huniuliza nina watoto wangapi. Mke wangu huacha anachokifanya ili anisikilize. Mimi huketi wima, hufunga kifungo cha koti, na kuwajibu kama inavyompasa mtu wa nyumbani aliyesoma: kati ya wanne na kumi na mmoja, kwa uhakika wa asilimia tisini na tano.